Gorofa ya jirani, ua wangu na ua langu

Ilikuwa Jumapili asubuhi, niko uani nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, leso moja kiunoni nyingine begani, kichwa wazi nywele nimezitia mafuta zinangoja jua, mara nkaskia sauti ya kiume kutoka juu, "Shikamoo mama." Wallahi nazi nliiacha hapo hapo nusu nkakimbilia jikoni. Kuchungulia, kumbe ni fundi wa rangi, kijana wa watu, yuko gorofa ya pili kwa jirani anapaka fremu ya dirisha na kaona ni utovu wa adabu kumuona mtu mzima asimsalimie. Makosa si yake. Makosa ni kuwa pale palipokuwa na mwembe na kibanda cha mabati sasa pana flati, flati ina madirisha sita upande huu, na yote sita yanaangalia kwangu.

Nyumba ya bibi yangu kule Mji wa Kale, Mombasa, haikuwa na shida hizi. Mlango ulikuwa wazi kutwa na mpita njia haoni kitu, maana ukiingia unakutana na ukuta kwanza halafu unakunja, na juu kuna roshani ya mbao yenye matundu wanawake wanaona njia nzima wao hawaonekani. Watu wale walijua sitara inajengwa kabla ya chumba. Sisi wa Bamburi tumejenga nyumba katikati ya ploti kama sanduku, tukaacha ua nyuma, na tukamuomba Mungu jirani asipate pesa. Jirani kapata.

Na kuna huu mchezo wa lugha yetu ambao ulinikalia kichwani tangu siku ile. Ua wangu ni kule nyuma ninakofulia na kupikia, ua langu ni lile la kunusa. Herufi ni zile zile mbili. Nilichokuwa nataka mie ni ua langu liusitiri ua wangu, basi, na imenichukua mwaka na nusu na pesa za kutosha.

Mume wangu jawabu lake lilikuwa ukuta. Fundi akaja, akapima kwa hatua, akakuna kidevu, akataja hesabu ambayo kwanza nlidhani anazungumzia nyumba nzima. Lakini sio bei iliyonikatisha tamaa, ni kijana wangu wa kidato cha pili aliyechukua daftari akasema mama hata ukijenga huo ukuta haukusaidii. Akachora pembetatu zake. Mtu akisimama dirisha la gorofa ya pili jicho lake liko kama futi 27 kutoka chini. Mie nimekaa kwa mbuzi kichwa changu kiko futi 3. Kutoka nnapokaa mpaka mpakani ni futi 18, kutoka mpakani mpaka kwa dirisha ni 12. Ukipiga ule mstari wa jicho mpaka kichwani kwangu, pale mpakani unapita futi 17 na zaidi juu. Futi kumi na saba! Hiyo ni jela sio ukuta. Lakini kadiri mstari unavyonikaribia ndivyo unavyoshuka, na futi 4 tu kutoka kwangu unapita kama futi 6 na kitu kidogo.

Yaani kumbe sina haja ya kupanda msitu mpakani, nahitaji kitu cha futi 7 hapa karibu yangu. Tulijaribu na ufito tumeufunga leso, kijana kaushika nami nimekaa, dirisha likapotea. Nawaambia hivi kwa sababu kila nnayemuona anahangaika na gorofa ya jirani anapanda miti mpakani kwake halafu anangoja miaka kumi. Ikiwa anayekuona yuko usawa wako, mtu wa njiani tuseme, hapo sawa panda mpakani. Akiwa juu, mlete mmea karibu na unapokaa.

Haya, mmea gani sasa. Mie nlitaka maua, sio michongoma, nishazeeka kuchomwa. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipoanzia, maana nliangalia picha kwa simu, bustani za Uingereza huko, maua marefu yamesimama kama askari, nkaona alizeti. Nani hapendi alizeti? Mbegu ni za bei ya chini, inaota kwa siku chache, na kweli nlizitia mwezi wa 4 mvua zilipokolea, kufika katikati ya mwezi wa 6 zimenipita kichwa. Nlikuwa nazirikodi kila siku, nliowatumia zile video wataniwia radhi.

Sasa skiza. Alizeti changa inazunguka na jua, asubuhi inaangalia mashariki jioni magharibi, hiyo kila mtu anaijua. Nlichokuwa sikijui ni kuwa likishafunguka lile ua lenyewe halizunguki tena, linatulia linaangalia mashariki mpaka kufa, inasemekana ndio linapata joto la asubuhi mapema na nyuki wanalipenda likiwa limepata moto. Na flati ya jirani iko wapi? Mashariki. Nyuso zote za manjano zikamgeukia yeye, mie nkabakishiwa migongo ya kijani yenye manyoya. Bwana mwenyewe tukakutana dukani akaniambia kwa furaha, "Bibi, ahsante kwa maua, tunaamka nayo kila siku." Nkamwambia karibu. Ningesema nini?

Haikuchukua wiki mbili, Kusi ikavuma usiku na mvua juu yake, kulipokucha zote zimelala upande mmoja kama jamaa waliosujudu. Vichwa vizito, mizizi mifupi, kijiti kimoja kimoja. Na hata zingesimama, alizeti ni ya msimu mmoja, miezi mitatu na kitu imemaliza kazi yake imekauka na wewe uko wazi tena. Kwa mapambo panda. Kwa sitara pwani hii, hapana, labda uwe na uzio wa kuifungia na roho ya kupanda upya kila mara.

Halafu nlipozing'oa ndo nkajua zililala kwa nini. Chini ya mchanga futi moja ni jiwe. Jembe linarudi linalia kama kengele. Tukaazima mtaimbo kwa mafundi wale wale wa flati (nlishawasamehe) na kijana wangu alitumia asubuhi nzima kwa mashimo mawili, anatoa mapande ya tumbawe meupe yana alama za makombe ndani yake. Hii pwani yetu tunakaa juu ya mwamba wa bahari ya zamani, zaidi ya miaka laki moja, na huo mwamba ni chokaa tupu. Kwa mmea maana yake mbili, mizizi haina pa kwenda, na ile chokaa inaifungia chuma udongoni mmea usiipate, majani yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Ukiona hivyo usimwagie maji zaidi, sio kiu.

Nlikuwa karibu niache lakini niko Bamburi, aibu. Hapa hapa kwetu kulikuwa na shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jiwe tupu linawaka jua na maji ya chumvi chini, na René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo 1971. Mivinje ikashika, akawaleta majongoo wakala yale majani yake yanayoanguka wakatengeneza udongo, leo watu wanalipa kiingilio kuingia Haller Park waone twiga. Sasa mie na ploti yenye futi moja ya mchanga nishindwe?

Basi dawa yangu ni hii. Shimo futi 2 kwa 2, mtaimbo mpaka jasho. Chini kabisa makumbi ya nazi yaliyolowekwa usiku kucha, yanashika maji vizuri sana, ila angalia mchwa, kama kwako wako, tia majivu kidogo. Juu yake udongo mwekundu wa kununua na samadi iliyoiva, iliyoiva nasema, ile mbichi inaunguza. Nlinunua magunia kwa mkokoteni na mwenye mkokoteni alinisimulia talaka yake yote mpaka tukafika, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Sasa olianda. Kitalu kimoja kando ya barabara ya Malindi, kijana wa watu anatafuta riziki sitasema ni wapi, aliniuzia miche sita akaisifia: haitaki maji, haijali chumvi, upepo hauiangushi, inapita futi kumi, maua ya rangi ya waridi mwaka mzima. Na hakusema uongo hata neno moja. Alichoacha ni kuwa ni sumu, jani, ua, kijiti, mzizi, mpaka maji ya chombo ulichotilia maua yake. Inashika moyo. Alokuja kuniokoa ni khalati, dadake mamangu, alifika Ijumaa na kikapu cha maembe, hata hajavua viatu kasimama mlangoni anaangalia nyuma, "Huu si ule uliomaliza mbuzi wa marehemu babako?" Kumbe nlikuwa mdogo sikumbuki, mbuzi wawili, siku moja. Na mie nna mjukuu wa miaka miwili ambaye kila kitu anakipima kwa mdomo. Ua linaloua, kwenye ua. Tuling'oa siku hiyo hiyo kwa glavu na nkamkataza mume wangu asiyachome moto kwa sababu hata moshi wake haufai. Kuna na ile nyingine ya maua ya manjano kama tarumbeta ndogo, majani membamba, wengi wanayo mitaani, na hiyo sumu vile vile. Kama huna watoto wala wanyama ni mmea mzuri, siwezi kuusingizia. Mie nna vyote.

Haibiskasi ntaipitia haraka. Nzuri, inakua, inachanua, na inaleta vidudu vyeupe kama pamba vinavyojazana kwenye ncha mpaka majani yanajikunja. Nliloweka majani ya mwarobaini na sabuni nkapuliza jioni, vikapungua, vikarudi, na juu yake kwenye chokaa yetu ilikuwa inageuka manjano kila nikipumzika. Nimebakisha mmoja kwa ajili ya watoto kunyonya ule utamu wa ua. Mwasumini nnao lakini ni wa kunusa, haufiki kiunoni, langilangi kinyume chake, ni mti mkubwa utaniinulia saruji ya kisima. Mtu asipande langilangi kwenye ploti ya hamsini kwa mia, hata kama inamkumbusha bibi yake.

Zilizobaki ni tatu, na hizi ndizo ninazoishi nazo.

Mpakani nimeweka bogenvilia, sio kwa ajili ya dirisha, kwa ajili ya njia na wezi, ile miba yake inajibu maswali yote. Hii ndio inayopendwa na jiwe na chumvi yetu, maji ya kisima yanayoacha weupe kwenye ndoo yeye anakunywa tu. Siri yake ni kuinyima. Ukiimwagia kila siku inakupa majani na matawi mpaka unachoka kukata, ukiiacha ikauke kidogo ndipo inaporipuka rangi, ndo mana Januari na Februari, jua la Kaskazi linapochoma, ukuta wote mjini unakuwa zambarau. Na ile rangi si maua, ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni kile kijitu cheupe katikati ambacho hakuna anayekiangalia. Asili yake Brazili, imebeba jina la Mfaransa Bougainville, na kwenye safari yake ya kuzunguka dunia alikuwemo mwanamke, Jeanne Baret, aliyejifunga kifua akavaa nguo za kiume ili aruhusiwe merikebuni na mtaalamu wake wa mimea. Mara nyingine nikiipogoa hunijia huyo mama, yeye alijisitiri merikebu nzima, mie dirisha moja linanishinda.

Ya pili kana, zile za majani mapana kama mgomba na maua mekundu au ya machungwa. Hizi zinataka kinyume cha bogenvilia, maji, na maji matamu, chumvi inaziunguza pembe za majani. Sasa AC ya chumbani inadondosha maji mchana kutwa, na maji ya AC hayana chumvi hata kidogo, nkatoboa paipu nkailekeza kwake. Zimefika futi 6 zinaelekea 7, zimejazana hupitishi mkono, na upepo ukija zinajipinda zinarudi, jani linachanika lakini kijiti kimesimama. Hazina mti, ni mafundo chini ya udongo kama tangawizi, unang'oa unagawa unapanda, kutoka mafundo manne sasa nnazo karibu thelathini na nimegawia mtaa. Konokono wakubwa wale wanazipenda usiku, toka na tochi. Mbegu zake ni duara nyeusi ngumu kama risasi, mjukuu ananikusanyia kwenye kopo, kuna wanaozitunga tasbihi.

Na ya tatu, ambayo nliona haya kuwa sikuifikiria mwanzo, mhina. Khalati ndiye aliyenigombeza, siku ile ile ya olianda. "Unazunguka vitaluni unanunua sumu na kwetu tumezungushia mhina tangu sijazaliwa." Akaniletea vijiti vya kalamu, urefu wa shubiri, tukavitia chini mwanzo wa mvua futi 2 kati ya kimoja na kingine, safu ya nusu duara, futi 4 kutoka pale nnapowekaga mbuzi yangu. Vilinitia wasiwasi miezi miwili, vijani viwili vitatu tu, nkamtumia picha kila Ijumaa akanambia acha kuuvua mti nguo. Kisha ukaanza. Ni mti mgumu, kijiti chembamba lakini hakivunjiki, unavumilia jua na ukame na udongo wetu, na kila ukikata unachipua mara mbili, kwa hivyo unajaa kutoka chini, sio ule wa kuwa mrefu juu halafu miguu wazi. Ukizeeka unaota vimiba, haidhuru. Sasa uko futi 7 nami naukata hapo usinipite. Ukiuacha unafika hata 15.

Na maua yake! Madogo meupe ya maziwa, ukiyaangalia huyapi shilingi, lakini Magharibi ikiadhiniwa na upepo umetulia harufu inashuka ua mzima, mume wangu anayetaka ukuta siku hizi anaweka kiti chake huko anakunywa kahawa anajifanya anaskiza redio.

Gharama sitazificha. Alizeti na olianda na magunia na mtaimbo uliovunjika mpini tukalipa, nimetumia kama elfu kumi na nne. Mhina ulionisitiri ulikuja bure kwenye kikapu cha maembe.

Juzi mwezi huu, niko kwa mbuzi yangu, leso begani kichwa wazi kama zamani, nkaskia hodi mlango wa mbele. Mke wa jirani, yule wa gorofa ya pili. Kaja na salamu nyingi, watoto wazima, joto hili, mpaka akafika kwenye lake, mtoto wa dadake anaolewa, na somo, yule anayemfunda bibi harusi, ametaka majani ya hina mabichi, wameskia kwangu kuko. "Nimechungulia juu kwanza nione kama uko," akasema, "nkaona majani tu, nkasema basi nishuke nipige hodi kama watu."

Nkampa mkasi na kikapu, nkamwambia kata upande wa tangi utakavyo, huku kwa mbuzi usiniguse.